Hapa Hanitoi Mtu

Cartagena, mtaa wa Olaya
8 Februari 1998

Mjomba Toyo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Paterson, na kwamba baridi haijakugandisha masikio, maana masikio yako ndiyo ninayoyahitaji. Sisi hatujambo. Bibi anaendelea na goti lake na ubishi wake. Juzi alimtimua daktari kwa kosa la kumwambia apunguze chumvi. Rugero, fundi wetu wa kupaka rangi, amezichora upya spika za piko, mtambo mzima wa muziki tunaouchezeshea mtaa, na yule mama mkwe mwenye mwiko aliyechorwa mbele yake sasa ana matiti makubwa kuliko zamani. Nilipomuuliza kwa nini, akasema watu wanakua.

Mama anatimiza miaka miwili kaburini mwezi ujao. Tutamsomea misa, halafu wali wa nazi na samaki wa kukaanga kwa watakaokuja. Najua na hizo karatasi zako za uhamiaji huwezi kutoka huko ukarudi, kwa hiyo nakuarifu tu, sikuiti.

Sasa shida yangu. Novemba, kwenye sikukuu, kuna mashindano ya mapiko uwanja wa besiboli. Safari hii kila piko litapewa nusu saa lipige kitu chake lenyewe, si kuweka santuri ya mtu mwanzo mpaka mwisho na kukunja mikono. Piko letu, Mama Mkwe, nimeshaliandikisha, na atakayepiga ni mimi. Nataka kuchukua vipande vya zile santuri zako za Afrika, gita la hapa, ngoma za pale, na yule mwanamke anayelia kwenye ile uliyoibatiza Mbuzi wa Jirani, nivishone viwe muziki wangu, na nivishone hapo hapo watu wakiniona mikono.

Kwa kinanda chetu kile kidogo siwezi. Kinashika sauti nne tu, na kila moja ikizidi pumzi moja inakatika. Tatu nazibadilisha nitakavyo. Ya nne, unajua, haiguswi. Ya nne ni Mama. Nikibonyeza kile kitufe chenye doa la rangi ya kucha anatoka vilevile, na hasira yake yote: "Hapa hanitoi mtu." Watu wa Olaya wakisikia hivyo wanajua Mama Mkwe limeshafika. Bibi naye kila Jumapili akitoka kanisani anakuja kukibonyeza mara moja, halafu anakwenda kumenya mihogo. Betri nazibadilisha kama Mama alivyonifundisha, kinanda kikiwa kimechomekwa ukutani, maana zikitoka bila umeme kinasahau kila kitu.

Niambie basi ninunue nini. Kila mtu hapa ni mtaalamu. Mmoja anasema meza mpya za santuri, mwingine kompyuta, mwingine ile mashine ya vitufe vya mpira inayonasa sauti na kuikata vipande. Wewe ndiye unayezifungua matumbo kila siku, nitakusikiliza wewe.

Mpwa wako,
Yorledis

*

Paterson, New Jersey
15 Machi 1998

Mwanangu Yorledis,

Marahaba. Mimi mzima, mgongo tu, na theluji ambayo imekataa kwenda kwao. Dukani kazi ni nyingi, akordioni za Wadominika na magitaa ya Waperu, wote wanataka jana. Bi Mkubwa mwambie chumvi apunguze, na umwambie ni mimi niliyesema, anitukane mimi. Rugero mwambie yule mama mkwe nilimchora mwenyewe mara ya kwanza, na alikuwa mwanamke wa heshima.

Haya, tuje kwenye mashine. Meza za santuri unazo, zile zangu. Usinunue nyingine kwa sababu ina taa za kupendeza. Kompyuta iache. Nawaona vijana hapa wamekodolea kioo kama wanafanya mtihani wa hesabu, na watu waliokuja kucheza wanaona kisogo. Chukua mashine ya vitufe, lakini usidanganywe na orodha ya maajabu iliyoandikwa kwenye kasha. Weka vidole. Ukigusa polepole, sauti itoke polepole. Ukipiga kwa hasira, itoke na hasira yako. Kama kila pigo linatoka sawa, hiyo ni kengele ya mlangoni. Halafu angalia kama unaweza kubadilisha kipande kimoja huku kingine kinaendelea kulia. Nyingine nzuri sana kwa kutengeneza muziki chumbani, lakini mbele ya watu lazima uisimamishe ndipo ikusikilize, na ukisimamisha Olaya watakurushia chupa.

La mwisho ndilo kubwa. Uliza umeme ukikatika inakumbuka nini. Umeme wa kwetu naujua. Kuna mashine za kifahari ukizizima zinageuka mtoto mchanga. Wewe chukua inayohifadhi kwenye disketi, na kila ukimaliza kazi hifadhi kwenye disketi mbili, moja ilale kwenu na nyingine ilale kwa Rugero. Ninayo moja hapa dukani ambayo mwenyewe hajarudi kuichukua. Nitaibadilisha vitufe vilivyochoka na utaipata.

Osiris, mke wa Rugero, amenipigia kwamba anakuja Pasaka kumwona dada yake. Mpe kinanda aniletee. Sauti ya mama yako, Nico wangu, niihamishe hapa, kwa vifaa vya maana, niisafishe na niitie kwenye disketi. Kwenu nyaya zina ngurumo, utamharibu. Halafu Osiris akirudi atakuja na mashine na kinanda vyote viwili.

Mjomba wako,
Toyo

Nimesahau: kabla hujakifunga, toa betri. Hapa dukani chombo hakisafiri na betri, zinavuja maji yake na kuozesha waya.

*

Cartagena
3 Aprili 1998

Mjomba,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, Osiris anaondoka kesho na ameshanipigia kelele mara mbili kwamba begi lake si lori. Bibi amekutukana kwa ajili ya chumvi kama ulivyoomba. Misa ya Mama ilikuwa nzuri, padri alikosea jina lake mara moja tu. Osiris amekubebea maharage matamu ya Pasaka ya Bibi, ukiyala yamechacha usimwambie.

Kinanda kimo kwenye kasha, nimekizungushia shuka. Bibi alikibonyeza kwanza. Betri nimezitoa kama ulivyoagiza.

Nitakuwa na subira.

Yorledis

*

Paterson
7 Juni 1998

Mwanangu,

Nisamehe kwa kimya. Dukani tumezidiwa, halafu nilipata mafua ambayo hayakutaka kuondoka. Maharage yalifika, nimeyala yote kwa kijiko nikiwa nimesimama, mwambie Bi Mkubwa hivyo hivyo. Nasikia kwenu mvua zimeanza mapema. Nyanyueni spika juu ya matofali.

Mashine anakuja nayo Osiris, ameipakata kama mtoto, usimcheke. Vitufe vyote kumi na sita ni vipya, nimeviweka kwa mkono wangu. Usiingie kwa pupa. Chukua santuri moja tu kwanza, uikate vipande vyake vyote, ukae navyo wiki nzima mpaka vidole vijue kila kimoja kinalala wapi bila macho kutazama. Gita ulikate kabla mpiga gita hajamaliza kauli yake, masikio ya mchezaji yatamalizia yenyewe. Nyuma kuna matundu ya waya, nimeyasafisha, huna haja ya kuyashughulikia sasa.

Kinanda kilifika salama. Osiris haji nacho kwa sababu bado nakifanyia kazi. Kazi ya namna hiyo haiendi kwa haraka.

Nina swali, si la maana sana. Kuna mtu yeyote hapo mtaani mwenye kaseti ya ngoma zetu za zamani? Iwe ya Mama Mkwe, ya kabla sijaondoka au baada. Hata ikiwa mbovu. Uliza uliza tu.

Toyo

*

Cartagena
26 Julai 1998

Mjomba Toyo,

Shikamoo. Bibi alianguka bafuni lakini hakuvunjika kitu, isipokuwa beseni. Osiris kanenepa huko, Rugero amefurahi. Maji yaliingia mpaka barazani na spika hazikuguswa, tulizinyanyua.

Mashine naipenda mpaka naona haya. Nilifanya ulivyosema, wiki nzima na Mbuzi wa Jirani peke yake. Yule mwanamke nimemkata pale anapovuta pumzi kabla ya kulia, nikaiweka pumzi ile kwenye kitufe kimoja na kilio kwenye kingine, na katikati naingiza ngoma ya santuri nyingine kabisa. Ukichelewesha kilio kidogo watu wanageuka kumtafuta. Nilijaribu kwenye siku ya kuzaliwa ya binti wa jirani na watu wazima wakaacha kula. Natamani kujua anaitwa nani mwanamke huyo na analia nini. Lakini wewe ulikwangua lebo zote kwa wembe ili mapiko mengine yasijue ni santuri gani, mjomba, santuri zote mia na kitu, na majina uliyozipa ni ya mbuzi na majirani na homa ya manjano. Nimeushika mwanga karibu kabisa na ile karatasi. Hakuna hata herufi moja iliyobaki.

Kuhusu kaseti, nimeuliza mtaa mzima. Kila mtu anacheka. Wanasema kwenye ngoma za Toyo mtu akionekana na redio ya kurekodi alikuwa anatolewa nje na redio yake inabaki. Nilikwenda mpaka kwa mzee Arnobio, mwenye piko la Nge, mpinzani wako. Siku hizi ana duka la mchele na simu ya kulipia. Alinipa soda. Akasema alikuwa nayo moja, aliirekodi chini ya shati, lile gita la santuri yako ya siri lote na matangazo yenu yote, na Nicolasa akisema maneno yake wazi kabisa kabla wimbo haujaanza. Nikamuuliza iko wapi. Akasema, "Muulize mjomba wako kisigino chake. Aliikanyaga mbele yangu hapo nje ya uwanja, halafu akaniuliza kama nimeumia."

Alisema bila ubaya. Amekusalimu.

Kinanda usikifanyie haraka. Kitufe cha kumi na sita cha mashine nimekiacha wazi. Bibi anauliza kila Jumapili kinarudi lini, namwambia kiko kwa fundi, na si uongo.

Yorledis

*

Paterson
20 Septemba 1998

Mwanangu Yorledis,

Salamu kwa wote. Bi Mkubwa asioge mlango ukiwa umefungwa. Habari za hapa sina.

Kinanda kiko juu ya kabati langu tangu Aprili. Siku ile ile kilipofika nilikitia betri mpya, nikakaa kitandani na viatu vyangu, nikabonyeza kitufe chenye rangi ya kucha. Hakikutoa kitu. Nikafikiri ni spika yake, nikabonyeza vingine, piano ikalia, filimbi ikalia. Ndipo nikakumbuka nilichokuandikia chini ya barua kwa mkono wangu, mambo ya betri. Mimi niliyekuhubiria ukurasa mzima kuhusu mashine zinazosahau. Nimetoa betri kwenye vyombo vya watu miaka saba, mkono umezoea, uliandika wenyewe.

Nimejaribu kila ninachokijua. Nimemwita mtu mwenye ujuzi kuliko mimi. Hayupo, mwanangu. Nico hayupo humo tena.

Na kaseti ya Arnobio naikumbuka. Nilidhani naokoa gita, wapinzani wasilipate.

Nilikuwepo siku sauti ile ilipoingia kwenye kinanda. Mwenye nyumba alikuja na polisi kututoa, na mama yako akakaa juu ya spika akiwa na ujauzito wa mdogo wako yule aliyefariki, akasema alichosema. Mimi nilikuwa nimetoka kununua kinanda asubuhi ile na nilikuwa najaribu tu kinashikaje sauti. Hakujua namrekodi. Jioni nilipomsikilizisha alinipiga na kandambili, halafu akaniambia nirudie.

Hayo yote ungeweza kunisamehe. Lipo lingine. Ile mashine niliyokutumia ina tundu la kuingizia sauti, nililisafisha mwenyewe na nikakuambia huna haja nalo. Waya mmoja kutoka kwenye kinanda mpaka pale, kahawa haijapoa, ungekuwa umemaliza, barazani kwenu, Bibi akikutazama. Nilijua hivyo tangu Machi. Ngurumo ya nyaya niliitunga.

Nilitaka kinanda kije kwangu. Tangu niondoke nilikuwa namsikia Nico kwenye simu tu, anapiga kelele za haraka haraka kwa sababu dakika zinakwenda, na kwenye simu sauti ya mtu ni bati tupu. Siku aliyokufa nilikuwa nakaza skrubu za akordioni ya mtu, nikaambiwa, nikamaliza kukaza. Sikumzika. Nilitaka nikae naye hapa chumbani siku chache, nikitoka kazini nibonyeze, nimsikie anakataa kuondoka. Niliona aibu kuliandika hilo, mwanaume mzima, nikakuandikia mambo ya vifaa.

Usimwambie Bi Mkubwa mpaka nitakapojua nimwambie nini.

Toyo

*

Cartagena
18 Novemba 1998

Mjomba Toyo,

Shikamoo. Sikukujibu mapema kwa sababu kila nilipoanza nilikuwa na hasira, na sikutaka hasira isafiri mpaka huko.

Nilijua. Nilipozitoa betri, kabla ya kukizungushia shuka, nilikichomeka tena ukutani nikabonyeza kile kitufe. Kilikuwa kimya. Niliketi sakafuni. Nilikuwa nakijua kinanda kile kuliko mkono wangu na bado nilizitoa, kwa sababu wewe ndiye uliyeingiza sauti ile na nilidhani una namna yako nisiyoijua. Halafu nikafunga kasha, nikaandika anwani yako vizuri. Ulipoandika kimefika salama nikaelewa kwamba unanificha, na mimi nikaona bora tufichane kuliko mmoja wetu aseme. Tumefichana miezi saba.

Ungesema tu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko betri. Kila Jumapili ningekipeleka kwenye simu ya Arnobio, Bibi angebonyeza, ukasikia. Bati au si bati.

Mashindano yalikuwa Jumamosi. Wewe ungeziona spika zimepangwa ukuta kwa ukuta, Nge upande ule, sisi upande huu. Disketi moja mfukoni mwangu, nyingine mfukoni mwa Rugero. Umeme ulikatika Nge walipokuwa katikati, ukarudi, na kijana wao akabaki anatazama kompyuta yake inavyoamka taratibu. Wazee walinitazama mimi wakitaka nicheke. Sikucheka.

Vidole vilijua kila kitu kinalala wapi. Nilianza na pumzi ya yule mwanamke, nikaiachia peke yake uwanja mzima, halafu ngoma, halafu nikamnyima kilio mpaka watu wakaanza kukidai. Mjomba, walicheza. Hata wale wa Nge walicheza. Nilipofika pale ambapo siku zote Mama anaingia, nilinyamazisha kila kitu na kubonyeza kitufe cha kumi na sita, ambacho hakina kitu. Sikuwa nimepanga. Mkono ulikwenda.

Watu wakasema wao. Kwanza wachache wa mbele, wale wa rika lako, halafu uwanja mzima: "Hapa hanitoi mtu." Wengine hata hawakumjua. Nikaachia besi, na vumbi likapanda mpaka kwenye taa. Tumekuwa wa pili. Arnobio mwenyewe alikuja kuniambia tumeonewa.

Bibi alikuwa kwenye kiti cha plastiki kando ya spika ya kushoto, mahali pake. Nilipomaliza nilikwenda kuinama kwake, nikamuuliza amesikia walivyomwita Mama. Akasema amesikia. Akasema, "Huyo si Nicolasa." Halafu akaomba nimrudishe nyumbani.

Njiani nilimwambia yote, yako na yangu. Najua ulinikataza. Tukafika mlangoni. Akasema, "Toyo tangu mdogo hajui kuomba. Anachukua, halafu analia." Akavua viatu. Asubuhi yake nilimkuta amepangusa vumbi pale kwenye meza kinapokaa kinanda, akaniambia nikuandikie ukirudishe. Nikamweleza tena kwamba hakina kitu ndani, nilidhani hakunielewa vizuri. Akasema amenielewa, yeye anataka kukibonyeza.

Osiris anakuja huko Krismasi. Mpe. Usikifanye kitu, usikisafishe. Betri nimeshanunua.

Yorledis